Kichuguu Kilichokwenda Chuo Kikuu

Aibu yangu naitaja mwenyewe kabla hamjanisingizia kubwa zaidi: kuna kipindi niliamini, kwa moyo wote na cheti changu cha kidato cha nne kikiwa mfukoni, kwamba wanafunzi wa chuo kikuu wakija kuchota udongo wa shamba lako kwenye vile vimfuko vya nailoni, wanaondoka na rutuba yote. Wanaifyonza kama mtu anavyofyonza uboho kwenye mfupa, wanaitia kwenye begi la mgongoni, wanaenda kuimwaga kwenye mashamba ya chuo chao, na huko mahindi yanarefuka mpaka ndege wanatua juu yake wakidhani ni mnara wa simu. Habari hii niliipata kijiweni kwetu Bariadi kwa Shija, dereva bodaboda mwenzangu, ambaye mjomba wake wa Kimali alichotwa udongo, na msimu uliofuata pamba yake ikaishia usawa wa vifundo vya miguu (kwamba msimu huo mvua ilikataa kabisa kunyesha, Shija hakuona haja ya kulitaja, na mimi sikuona haja ya kuuliza).

Chekeni, lakini mkimaliza nijibuni: nani kati yenu alishawahi kumwona mtafiti akirudi? Wanakuja, wanauliza una ng'ombe wangapi, choo kiko wapi, wanapima mkono wa mtoto, wanapima maji ya kisima, wanachota udongo, wanasema asante sana, na hapo ndipo mnapoagana mpaka kiyama. Mtu akichukua kitu chako asirudi, wewe humwitaje? Uvumi ule haukudondoka kutoka mawinguni, na kama niliuamini kijinga, basi nilikuwa mjinga pamoja na wilaya nzima.

Mimi ni Maduhu. Nimesoma kwa masomo ya jioni pale mjini, mchana naendesha pikipiki, jioni nakaa darasani na vijana ambao ningeweza kuwazaa, nasinzia kwenye hesabu, naamka kwenye Kiswahili, na nilipofaulu nilitembea mtaani kama mtu aliyeshinda ubunge. Ndiyo maana yule binti wa chuo kikuu, Rehema, mzaliwa wa Tanga, alipofika kijiweni akitafuta mtu mwenye pikipiki, anayejua Kisukuma na aliyesoma kidogo, wenzangu wote walininyooshea kidole (wengine kwa heshima, Shija kwa kicheko). Utafiti wake ulikuwa nusu udongo na nusu watu: anachota udongo wa shamba akaupime maabara, halafu anakaa na mwenye shamba amuulize anaujuaje udongo wake, anauitaje, kwa nini hapa analima pamba na pale analisha ng'ombe, ili aone kama maabara na mkulima wanasema kitu kimoja. Nikakubali kazi, na uvumi nikaendelea kuuamini. Mtu anaweza kufanya yote mawili, msinishangae, nanyi mna yenu.

Mwanzoni mambo yalikuwa shwari kwa sababu tulichota mashamba ya watu nisiowajua, na rutuba ya mtu nisiyemjua haikuninyima usingizi. Shida ilianza tulipofika upande wa Shishiyu, kwenye kijiji alikozaliwa mke wangu Kabula, na Rehema akanisomea jina la mwenye shamba linalofuata: Mayu Nkwimba. Mayu kwetu ni mama, na huyu ndiye mama mkwe wangu.

Mayu Nkwimba ni mjane mwenye shamba moja, na nusu ya shamba hilo, ile ya chini kuelekea mbugani, ilikuwa imemshinda. Pamba inachipua, inapauka, inakufa. Ndugu wa marehemu mumewe walishaanza kuitolea macho, wanasema kama hawezi kuilima basi iwe malisho, na yeye alijua vizuri kwamba ng'ombe wao wakishaingia pale hawatoki tena, na nusu ya juu nayo itafuata. Kabula alinisimulia haya kila tulipokaa kula, mpaka ugali ukawa na ladha ya shemeji. Sasa fikirieni nilichokiona mimi: mjane anapigania kipande cha ardhi, halafu mkwe wake ndiye anayempakia kwenye pikipiki mtu wa kuja kukifyonza.

Na kulikuwa na jambo lingine ambalo Rehema hakulijua. Mimi na mama mkwe hatutazamani. Ndivyo tulivyolelewa: mkwe na mama mkwe hawakai pamoja, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia porini kana kwamba amekumbuka jambo, na wakiwa na neno la kuambiana linapitia kwa mtu wa tatu. Mkalimani ndiye mtu wa tatu, na mkalimani ni mimi. Tukatatua hivi: Rehema alikaa uani na Mayu, mimi nikasimama nje ya ua wa minyaa, nimewapa mgongo, natafsiri kwa sauti kubwa kama redio iliyosahaulika dirishani.

Rehema akauliza shamba likoje. Mayu akajibu kwa Kisukuma, akasema nusu ya juu haina neno, ila binti achote ile ya chini, pale pale penye ugonjwa, achimbe mpaka ndani, kwa sababu yeye anataka kujua apalime vipi kabla shemeji zake hawajaleta ng'ombe. Nilisikia kila neno. Nikageuza kwa Kiswahili: "Anasema shamba halina tatizo lolote."

"Maneno yote yale ndiyo hayo tu, Kaka Maduhu?"

"Mengine ni salamu," nikasema.

Kisha Mayu akaandaa chakula, michembe (vile viazi vitamu vya kukaushwa) na maziwa ya mgando, na kwa kuwa mimi kula pale siwezi hata kwa mtutu wa bunduki, Rehema akanionea huruma, akanipitishia juu ya minyaa lile bomba la chuma la kuchotea udongo pamoja na vimfuko, akaniomba nitangulie kuchota. Alishaniamini, na kwa kusema kweli nilikuwa nachota vizuri kuliko yeye.

Nikafika shambani, nikalitazama lile shamba la watu, moyo ukakataa. Kandokando ya njia, nje kabisa ya mpaka, kulikuwa na kichuguu kirefu kunizidi, udongo wake mwekundu na laini kama unga wa mtama. Kichuguu hakina mjane wala shemeji. Nikakitoboa, nikajaza mifuko, nikaandika jina la Mayu Nkwimba, mfuko huu nusu ya juu na huu nusu ya chini, kwa mwandiko wangu wa masomo ya jioni, na nikajisikia shujaa. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo namna hiyo, hata jasho haukunitoa.

Kumbe jirani mmoja, Masunga, alikuwa anapita na ng'ombe wake wa kulimia. Akauliza mkwe wa kijiji anachimbua nini. Nikamweleza kwa kunong'ona, kama mtu mzima na mwenzake, naye akawaza kidogo akasema na la kwake nifanye hivyo hivyo. Masunga alikuwa na kaka, kaka alikuwa na rafiki, na kila nyumba ilimkalisha Rehema uani ikamlisha kama bibi harusi wakati mimi natumwa shambani na bomba, kwa hiyo jioni ilipofika kijiji kizima kilikuwa kimelindwa na kichuguu kile kilikuwa na pango la kulaza ndama. Rehema akaondoka na begi limejaa. Mimi nikajua ndiyo basi, hatutamwona tena, kama wenzake wote. Hesabu yangu (somo ambalo nilishawaambia nilikuwa nasinzia) ikakosea hapo, kwa sababu Rehema alirudi.

Alirudi msimu wa kilimo ukikaribia, na majibu mkononi, akaomba wanakijiji wakutane, na wakampa ghala la pamba la chama cha ushirika. Watu walijaa, wengine wamekalia magunia. Mayu Nkwimba alikaa na wanawake karibu na mlango, na mimi mkalimani natakiwa nisimame mbele, uso kwa uso na watu wote, yeye akiwemo. Nikapata wazo ambalo hadi leo nalitetea: nilivaa helmeti ya pikipiki, nikashusha kioo cheusi. Kutoka nje nilifanana na mtu aliyekuja kuzima moto, lakini heshima kwa mkwe ilikuwa imekamilika.

Rehema akaeleza kwamba mashamba ya kijiji kile yametoa majibu yanayofanana kama mapacha, jambo ambalo halijamtokea popote, na kwamba hata nusu ya chini ya shamba la Mayu Nkwimba ni nzuri sawa na mengine yote, pamba ingepaswa kustawi pale. Akasema yeye mwenyewe haelewi, ndiyo sababu amekuja kuuliza. Nikatafsiri. Ghala lote likaangua kicheko, maana kila mtu alijua kwamba pale chini jembe linadunda kama limepiga sakafu.

Aliyekuwa hacheki ni shemeji mkubwa wa Mayu. Akasimama taratibu, akatengeneza kofia yake, akasema kwa Kisukuma, "Mmesikia wenyewe. Udongo ni mzima. Basi mgonjwa ni mlimaji. Kesho tunaingiza ng'ombe."

Kicheko kikakatika. Rehema akanigeukia aambiwe mzee amesema nini, na mimi, ndani ya helmeti, jasho linanitiririka mpaka kwenye meno, nikamwambia mzee anampongeza kwa kazi nzuri. Nilisahau jambo dogo, kwamba nusu ya waliokuwa mle ghalani wanajua lugha zote mbili kama mimi, na baadhi yao kunizidi. Vijana wa nyuma walilala juu ya magunia kwa kucheka, mmoja akasema kwa Kiswahili safi cha mjini, "Dada, huyo jamaa anakupiga kamba, mzee anataka shamba."

Hapo ndipo Mayu Nkwimba alipoinuka. Alipita katikati ya watu, kila mtu akikunja miguu kumpisha, akaja mpaka mbele yangu, karibu kiasi kwamba pumzi yake iliweka ukungu kwenye kioo changu. Wanawake walishika midomo. Tangu nimuoe binti yake sikuwahi kusikia akiniambia neno moja ana kwa ana, na wala sikujua kama anajua Kiswahili.

"Mkwe," akasema, "vua hicho kitu."

Nikavua.

"Udongo uliopeleka chuoni ni wa wapi?"

Ningekuwa na dunia nzima ningeitoa nisijibu, lakini mama mkwe akikutazama machoni hakuna pa kukimbilia, hata ulimi unajua hivyo. Nikasema, "Wa kichuguu, Mayu."

Walicheka mpaka njiwa wakahama kwenye paa, na nasikia wengine hawajarudi. Masunga na kaka yake na rafiki wa kaka yake walikuwa wanakagua sakafu kana kwamba wamedondosha sindano. Sawa, nilikuwa nimeaibika, lakini kuaibika si kufungwa mdomo. Nikapanda juu ya gunia nikasema kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kisukuma ili asije mtu akasema nimepunguza: ndiyo, nilichota kichuguu, na Masunga pale alinishikia mfuko, na tulifanya hivyo kwa sababu tumechotwa miaka yote na hatujawahi kuambiwa tulichotwa nini. "Nani humu alishaletewa majibu ya kitu chochote?" nikauliza. "Anyooshe mkono." Hakuna mkono uliopanda. Rehema naye akasema hilo ni kweli.

Nikamgeukia shemeji mkubwa nikamwambia hakuna ng'ombe wa mtu atakayeingia kwa ushahidi wa kichuguu, twende wote shambani sasa hivi. Na mkutano mzima ukaenda. Nilichimba mimi, mbele ya Mayu, mbele ya shemeji, na safari hii bomba liligonga udongo likaruka, ule udongo mgumu wenye chumvi tunaouita ibambasi, na shemeji akalazimika kuinama aushike kwa vidole vyake mwenyewe. Akafuta vidole kwenye suruali, akaondoka. Majibu halisi yalipokuja (Rehema alirudi tena, mara ya pili, andikeni hilo) yalisema pamba pale isahaulike, lakini ukitengeneza majaruba yakatuama maji, mpunga utakaa. Leo pale pana mpunga, ng'ombe wa shemeji wanautazama kutoka ng'ambo ya njia, na mimi na Mayu tumerudia desturi yetu ya kukwepana, ila mchele wake unafika nyumbani kwa mkono wa Kabula.

Kijiweni Shija ananiita Profesa Kichuguu, na ninaitika. Naapa sitabadilisha tena udongo wa mtu. Lakini mtafiti yeyote atakayepanda pikipiki yangu, kabla sijawasha namuuliza atarudi lini na majibu, na akianza kuuma maneno namshusha, atembee kwa miguu akatafute dereva asiyesoma.

Ila lile la rutuba sikuliachia kirahisi. Siku ile ile pale shambani, watu wakiwa wameshaanza kutawanyika, nilimkabidhi Rehema mfuko wa ibambasi nikauliza kwa sauti ya chini, mtu na mtu wake, ile rutuba ya mashamba mengine huwa wanaimwaga wapi hasa. Alinitazama muda mrefu, nadhani alikuwa anaangalia kama natania.

"Kaka Maduhu," akasema, "rutuba haibebeki kwenye mfuko. Udongo tukishaupima tunautupa nyuma ya maabara, na pale hata majani hayaoti."