Tulibadilishana nyumba, Kitale kwa Juba, na getini akaja mtu aliyekwisha kuliliwa

Wakuu, nawasalimu popote mlipo.

Nimekuwa nikisoma humu nyuzi za watu wanaouliza kuhusu home exchange, yaani kubadilishana nyumba kwa ajili ya likizo. Wengi mnauliza kama ni salama kumwachia mtu funguo na kwenda kulala kwake nchi nyingine.

Mimi nilifanya. Nitawasimulia jinsi ilivyokuwa, bila kuongeza chumvi. Majina nimebadilisha kwa sababu wenyewe wapo hai, na kwa mmoja wao, kuwa hai ndiyo habari yenyewe.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kitale, Kenya. Nina nyumba ndogo, watoto wameshaondoka, mume wangu alitangulia zamani.

Kwa wasiojua, mpango wenyewe ni rahisi. Wewe unakuja kulala kwangu, mimi naenda kulala kwako. Hakuna anayelipia hoteli. Wazungu wana tovuti zao za kutafutana. Sisi hatukuwa na tovuti, tulikuwa tunajuana tu.

Achol nilimfundisha darasa la saba hapa Kitale. Alikuja na mama yake wakati wa vita vya Sudan, akakulia kwetu, akaongea Kiswahili kama mtoto wa hapa. Mkataba wa amani uliposainiwa akarudi kwao kama walivyorudi wengi, akapata kazi ya ofisi Juba. Hii ilikuwa miaka ile ambayo amani imeshasainiwa lakini kura ya kujitenga bado haijapigwa. Mji ulikuwa unajengwa kila kona na kila siku watu wanarudi.

Desemba moja akanipigia. Joto limewachosha watoto, mumewe yuko kazini Rumbek, na yeye hajapumzika tangu arudi.

"Mwalimu, njoo ukae kwangu, na mimi nikae kwako," akasema. "Mimi nimekula ugali wako miaka mingi. Njoo ule wangu."

Nikapanda basi hadi Kampala, kisha jingine la kwenda Juba kupitia mpaka wa Nimule. Barabara ile sitaieleza, mgongo wangu bado unaikumbuka.

Ushauri wa kwanza nautoa hapa hapa: kabidhianeni nyumba ana kwa ana kama mnaweza. Achol alinisubiri, akanionyesha kila kitu. Gari la maji linapita lini na mapipa yanajazwaje. Jenereta inavyovutwa. Mlango unaokwama. Kule kwangu Kitale nilimwachia jirani yangu Mama Chebet kazi hiyo hiyo ya kumwonyesha.

Nyumba yake ilikuwa mtaa wa Hai Malakal. Vyumba viwili vya matofali, tukul moja ya udongo na nyasi, na rakuba, kile kibanda cha kivuli wanachokaa mchana kutwa. Uzio wa mianzi, geti la mabati.

Nje ya geti kulikuwa na duka la Mama Grace, Mganda, anayechukua bidhaa zake soko la Custom na kuziuza mtaani. Huyo ndiye aliyekuwa masikio yangu, kwa sababu mimi Kiarabu cha Juba sikijui na yeye alikuwa ameshakizoea.

Siku za mwanzo zilikuwa nzuri. Nilisoma, nilienda kanisani, nilitembea hadi mtoni. Nyumba ya mtu ukiishi ndani yake unamjua upya. Niligundua Achol bado anapanga vyombo kama mama yake alivyokuwa akipanga Kitale.

Kisha asubuhi moja Mama Grace akaniita.

"Mwalimu, iko mtu hapo kwa geti. Toka mapema iko naketi tu. Mimi nasema yeye kuja kunywa chai, yeye nakataa."

Nikatoka. Alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye mvi kidogo, amekaa chini karibu na uzio na mfuko wake magotini. Nikamsalimu, nikafungua geti lote, nikamkaribisha ndani kama tunavyokaribisha kwetu.

Hakuinuka.

Nikarudia. Nikadhani haelewi, nikamwonyesha kiti kwa mkono. Akatikisa kichwa, akasema maneno kwa upole. Mama Grace akasikiliza, halafu akanigeukia.

"Nasema yeye ni Majok," akaniambia. "Kaka ya Achol. Nasema hawezi kuingia. Walishamlilia."

Wakuu, jina hilo nilikuwa nalijua. Mama yake Achol alinisimulia Kitale, siku moja tu, hakurudia tena. Walipokuwa wanakimbia vita, kijana wake mkubwa alienda mtoni na hakurudi. Walivyofika Kenya wakapata habari kwamba waliobaki kule mtoni wameuawa wote. Wakafanya matanga bila mwili. Wakanyoa nywele. Mimi nilikuwa miongoni mwa majirani waliopeleka sukari.

Mwenyewe alieleza kwa ufupi. Alichukuliwa akapelekwa kaskazini, akafanya kazi kwenye mashamba ya watu miaka mingi. Baada ya amani akapata kazi ya kupakua mizigo kwenye meli za mizigo zinazopanda mto Nile hadi Juba. Bandarini akakutana na mtu wa kwao, ndiye aliyemwambia kwamba dada yake yuko Hai Malakal na kwamba kwao yeye ni marehemu.

Naomba niwaeleze hapa polepole, kwa sababu mimi mwenyewe sikuelewa mara moja. Siwezi kusema ni desturi ya kabila lao lote. Naongea juu ya familia hii. Kwao, mtu aliyeliliwa amefungiwa mlango na kilio kile. Akiingia mwenyewe, anaingia kama marehemu, na anawaletea walio ndani mauti. Lazima waliomlilia watoke, wamchukue huko nje, waingie naye. Na wa kwanza kumshika awe mtoto wa mama yake.

Mama yao alikuwa ameshafariki, na mtoto wake aliyebaki alikuwa Achol peke yake. Na Achol alikuwa amelala kitandani kwangu Kitale.

Meli yake ilikuwa inapakuliwa. Ikiisha, inarudi kaskazini naye. Alisema akiondoka bila kupokelewa hatarudi tena, kwa sababu atakuwa ameshajua jibu.

Simu ya Achol ya Juba haikufanya kazi Kenya, na mtandao wa kule siku hizo ulikuwa wa kubahatisha. Nikasimama juu ya kreti za soda za Mama Grace nikipiga namba ya Mama Chebet hadi ikaingia. Akakimbia kumwita Achol.

Nikamweleza.

"Mwalimu," akasema, "usimfungulie."

Nikashtuka. Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Mwaka uliotangulia alikuja mwanamume mwingine, akasema anamtafuta dada yake Achol, na yeye anaitwa Majok. Wakakumbatiana. Wakala, wakalia. Walipoanza kutajiana wazazi wakagundua kwamba anamtafuta Achol mwingine. Majina hayo kwao ni mengi sana.

"Tulikaa tunatazamana," akasema. "Kila mmoja amempoteza mtu wake mara ya pili. Mimi siwezi tena, Mwalimu. Nilishamaliza."

Simu ikakata.

Sikumlaumu, na wewe unayesoma usimlaumu. Kuna matumaini yanayoumiza kuliko msiba wenyewe.

Nikarudi kwa yule mtu. Sikutaka kumdanganya. Nikamwambia kupitia kwa Mama Grace kwamba dada yake anaogopa, na kwa nini anaogopa. Alisikiliza ameinama. Mama Grace alikuwa ameshampa chai huko huko nje, na safari hii aliinywa.

"Nyinyi Wakenya na sisi Waganda ni moja," Mama Grace akaniambia, akijipangusa macho kwa kanga. "Tunafikiri chai natibu kila kitu."

Kisha Majok akasema sentensi chache. Mama Grace akamrudishia swali, akajibu vile vile.

"Nasema mwambie Achol hivi. Maji nilichota. Nilifika nayo pale pahali. Nyinyi hamkuwa."

Nikapanda tena kreti. Safari hii Achol mwenyewe alipokea, alikuwa hajaondoka kwa Mama Chebet. Nikamwambia maneno yale kama yalivyo.

Akaniuliza, "Alisema nyinyi hamkuwepo?"

Nikasema ndiyo.

"Mimi ndiye niliyekuwa nalilia maji," akasema. "Mama alimtuma kwa sababu yangu. Hakuna mtu tuliyemwambia. Tulisema tu alienda mtoni."

Halafu akasema, "Mwambie asubiri. Nakuja."

Mama Chebet akabaki na watoto. Hili nalo liandikeni: unapobadilishana nyumba unabadilishana na majirani pia. Nisingekuwa na jirani wa kuaminika, safari ile isingewezekana.

Tukangoja. Majok alikuwa akienda bandarini kufanya kazi, kisha anarudi kukaa pale pale nje ya uzio. Kila aliporudi Mama Grace alimuuliza mizigo imebaki kiasi gani, na kila siku ilikuwa imepungua. Mimi nilikuwa nakula ndani ya uzio, yeye anakula nje, chakula cha chungu kimoja. Mara nyingi nilitaka kumshika mkono tu nimvute ndani. Nikajizuia. Nyumba haikuwa yangu, na kilio hakikuwa changu.

Shangazi yao akaletwa na boda kutoka mtaa wa Lemon Gaba, mama mzee mwenye fimbo. Akashuka akasimama ng'ambo ya njia. Majok akainuka. Wakatazamana, wala hawakusogeleana, na bibi yule akakaa chini palepale alipokuwa amesimama. Mtoto wa kaka yake yuko mbele yake na hawezi kumgusa. Sijaona kitu kizito kama hicho.

Achol alifika mchana, vumbi la barabara usoni. Tayari mizigo ilikuwa imekwisha na meli ilikuwa inasubiri kesho yake kuondoka.

Alishuka kwenye boda mbali kidogo, akaja kwa miguu. Majok hakusogea. Achol alipomfikia hakulia wala hakupiga kelele. Alimshika uso kwa mikono miwili akamtazama muda mrefu, kisha akamshika mkono na hakuuachia tena.

Wakaja hadi getini. Mbuzi wa kuchinjwa kizingitini alikuwa tayari. Nikatoka kwenda kusimama nao, na hapo shangazi akanyoosha fimbo kunizuia. Akaongea, Achol akanigeukia.

"Mwalimu, anasema rudi ndani. Ufunge geti."

Nikadhani nimekosea jambo. Nikauliza kama niondoke kabisa.

"Hapana," Achol akasema. "Sisi ndugu wote hapa tulimlilia. Geti linatakiwa kufunguliwa na mtu aliye ndani ambaye hakumlilia."

Hapo wakuu nikasita. Nikamwambia ukweli, kwamba mimi nilikuwepo Kitale kwenye matanga, nilipeleka sukari.

Akamtafsiria shangazi. Bibi akaniuliza swali moja tu: ulinyoa?

Nikasema sikunyoa.

Akasema basi kwangu mimi huyu ni mgeni tu, mtu mzima anayebisha hodi. Niende nikamfungulie kama ninavyowafungulia wageni.

Nikaingia, nikafunga mabati yale, nikabaki peke yangu ndani ya nyumba ambayo si yangu. Kwa nje nikasikia mbuzi akichinjwa. Kisha mkono ukagonga.

Nikauliza, "Nani?"

Akajibu jina lake.

Nikafungua. Nikasema karibu, neno lile lile nililomwambia siku ya kwanza. Safari hii akaruka mbuzi aliyelala kizingitini, Achol ubavuni mwake, shangazi nyuma yao, na bibi yule akaanza kulia kwa sauti akiwa ameshavuka.

Nikawapisha kiti chini ya rakuba. Sikujua tena nani mgeni na nani mwenyeji. Nikaenda kupika.

Kesho yake Majok akaenda bandarini kuwaambia wenzake kwamba hasafiri. Achol alisimama getini hadi alipopotea machoni, na nadhani hakuna kazi aliyofanya asubuhi hiyo. Mchana nikiwa nachambua mchele nikasikia mabati yanasukumwa. Majok akaingia bila kugonga, akauliza chakula kiko wapi.

Basi wakuu, kwa wanaouliza kama home exchange ni salama, jibu langu ni kwamba fanyeni, msiogope. Elezaneni habari za maji, umeme na kufuli. Lakini zaidi ya hapo, mwambie mgeni wako ni akina nani wanaoweza kuja mlangoni kwako, hata wale uliokata tamaa nao. Na wewe unayekwenda, usijifanye mwenye nyumba, wala usijione huna kazi pale. Mimi nilihitajika kwa sababu sikuwa wa kwao.

Nimemaliza. Waliowahi kukaa kwenye nyumba ya mtu nchi nyingine, nanyi mtusimulie. Na wenye maswali ya jinsi ya kupanga, ulizeni bila aibu, nitajibu mmoja mmoja.

Ila kwanza nijibuni hili: leo ukimwachia mtu nyumba yako, ni jina gani utamwambia, "Huyu akija, nipigie popote nilipo"?