Weusi wa Walinzi wa Kaburi

Mjomba wangu alichonga askari sita wa kulinda kaburi la Yesu, kila mmoja urefu wa kidole changu cha kati, akanipa niwapake rangi. Kila Pasaka kanisa letu huweka meza mbele, na juu yake kaburi dogo la udongo, ili watoto wa Sunday school waone jinsi mambo yalivyokuwa. Askari wa zamani walikuwa wameliwa na mchwa. Hawa wapya walitakiwa wavae kofia nyeusi za chuma na dirii nyeusi kifuani, na mzee wa kanisa aliyeleta kazi hiyo alisema anataka weusi unaong'aa kama viatu vya shule siku ya kufungua.

Mama naye alisema lake. "Kanisa likiwakataa hao askari, Jumatatu unaenda Lumakanda kwa shangazi. Mahindi yake hayatajipalilia, na wewe hapa unachezanga na vijiti."

Shangazi yangu ni mtu mwema, lakini anaongea kuanzia chai ya asubuhi hadi watu wanapolala, na anataka kujibiwa. Palizi siiogopi. Naogopa kujibu. Katika karakana ya mjomba, kando ya barabara ya Shinyalu, mtu mwenye brashi mkononi hasemeshwi. Wateja humsalimu mjomba, wananitazama mimi kidogo, wananyamaza. Nilikuwa tayari kupaka hata jeshi zima ili nibaki pale.

Askari wa kwanza nilimpaka nyeusi tupu kama mzee alivyotaka. Akaonekana kama kijiti cha kiberiti kilichoungua. Mjomba alikuwa amemchongea mabega, mikanda na mikunjo ya kiwiko kwa ncha ya kisu, na vyote vikamezwa. Nyeusi tupu ina tabia hiyo. Ukiipaka kwenye kitu kidogo, kitu chenyewe kinapotea.

Nikamkwangua, nikakaa nikifikiria ni wapi nimewahi kuona kitu cheusi ambacho hakijapotea. Jibu lilikuja upesi, na lilikuja na pembe.

Jumamosi nyingi alfajiri mimi na mama huenda kuuza njugu uwanjani kunapopiganishwa mafahali. Mama ndiye huita wateja. Mimi hukaa nyuma ya beseni na kutazama ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe hawaulizi bei. Watu wasiojua husema fahali fulani ni mweusi, basi wamemaliza. Lakini jua likitoka, mmoja mgongo wake una bluu kama wa kunguru. Mwingine ubavuni ana wekundu wa chai ya rangi iliyokolea. Yuko mwenye ujani kama jiwe la mtoni, na yuko mwenye vumbi la jivu ambalo halitoki hata akioshwa.

Kwa hiyo nikaanza upya. Kwenye sahani iliyovunjika niliweka nyeusi, nikaongeza tone moja la bluu, nikachanganya mpaka bluu ikajificha. Hiyo nikampaka askari mzima. Ilipokauka, ile iliyobaki sahanini nikaiongezea bluu kidogo tena na kijivu, na kwa brashi niliyoipunguza kwa wembe hadi ikabaki na nywele chache, nikapitisha mstari mwembamba kwenye ukingo wa kofia, juu ya mabega na penye mikanda. Ukimtazama haraka alikuwa mweusi tu. Ukimgeuza mlangoni, penye mwanga, kunguru anatokea.

Wa pili nilimpa wekundu wa chai. Wa tatu ujani, wa nne jivu. Kufikia wa sita nilikuwa nacheka peke yangu na mjomba akaniuliza kama ile thinner ya kuyeyushia rangi imenipanda kichwani. Sikumwambia kwamba nimeweka mafahali sita kulinda kaburi la Bwana.

Wala sikumwambia jambo la pili. Yule mzee wa kanisa, ambaye karibu kila Jumapili husimama kutuonya kwamba uwanja wa mafahali ni mahali pa walevi na wacheza kamari, mimi nilikuwa nimemwona huko. Alikuwa amesimama nyuma ya watu, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, viatu vyake vya kanisani vimelowa umande. Alinunua njugu kwa mama bila kuinua uso. Hakuniona. Kuna faida zake kukaa nyuma ya beseni.

Siku ya kukagua alikuja pamoja na mwalimu wa Sunday school, mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye mkoba mkubwa. Mzee alimchukua askari mmoja, akamsogeza mbali, akamsogeza karibu.

"Hii si nyeusi," akasema.

"Ni nyeusi, mzee," mjomba akasema.

"Nyeusi haina maneno mengi. Hii ina maneno. Huyu ni kama amechubuka." Akamrudisha mezani na kunigeukia. "Mwanangu, uwapake upya wote. Ukishindwa, tutatafuta mtu mwingine huko polytechnic Sigalagala."

Niliiona njia yote ya Lumakanda, na shangazi mwishoni amesimama na jembe la pili. Nilitaka kujitetea lakini maneno yangu huchelewa, nayo siku hiyo hayakufika kabisa. Mikono ilifika. Nikamchukua askari wa kunguru na askari wa chai, nikawasimamisha katikati ya meza wakitazamana, kofia kwa kofia, zikigusana. Kisha nikarudi nyuma hatua moja, kama wafanyavyo wenye mafahali wakishawaachilia.

Mzee alitazama. Akainama. Akamtazama wa chai kwa upande.

"Huyo usimpambanishe na huyo," akasema haraka. "Huyo mwekundu-mwekundu alikimbia Jumamosi. Hata hawakushikana vizuri."

Mwalimu akaushusha mkoba wake mezani.

"Jumamosi gani, mzee?" mwalimu wa Sunday school akauliza taratibu.

"Jumamosi tu."

"Jumamosi si ulituambia uko matanga?"

"Nilipitia."

"Matanga yalikuwa upande wa Mumias, na uwanja wa mafahali uko huku. Ulipitia wapi, mzee wetu, angani?"

Mzee alitoa kitambaa akapangusa shingo. Nadhani mwalimu angeweza kuishia hapo na kushinda, lakini alikuwa amekwisha kumwinua askari wa chai na kumgeuza penye mwanga, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Tena hakukimbia," akasema. "Aliteleza. Nyasi ilikuwa na umande. Angeinuka, ila watu wenu waliingia na matawi wakaanza kuimba ushindi kabla ya wakati."

Mjomba alipatwa na kikohozi. Akainama chini ya meza kutafuta kisu ambacho kilikuwa mkononi mwake.

Wale wawili walitazamana. Mwishowe mzee akashusha sauti, akaniuliza, "Hii rangi umeitoa wapi, mwanangu?"

"Ni nyeusi tu, mzee. Nimeongeza kidogo."

"Hebu waache hivyo hivyo," akasema. "Wasiguswe."

Wakabaki nusu saa nzima wakibishana ni nani asimame wapi. Mzee alikataa katakata wa chai kukaa karibu na jiwe. Mwalimu akasema basi wa kunguru naye asikae, maana ana kiburi. Wakakubaliana wa jivu ashike mlango, kwa kuwa hajawahi kurudi nyuma.

Jumapili ya Pasaka, ibada ilipokwisha, watoto walitazama kaburi kidogo wakatoka kwenda kucheza. Waliobaki ni wanaume, na akina mama kadhaa, wamezunguka meza wakiinamisha vichwa huku na huku. Mtu mgeni angedhani wanaomba. Mzee alinivuta pembeni, akatazama nyuma yake kwanza.

"Kuna mmoja amekosekana," akasema. "Mweusi, lakini jioni anatoa zambarau. Unamjua?"

"Namjua."

"Ni wa nyumbani kwetu. Wa shemeji," akasahihisha. "Mtengenezee askari wake. Na kuanzia sasa kazi zote za rangi za kanisa ni zako."

Nilipomweleza mama, alimpigia shangazi simu papo hapo. "Hatakuja," akamwambia. "Kanisa limemshika." Shangazi aliongea kwa muda mrefu sana. Mimi nilikuwa nimekwisha toka nje na sahani yangu, natafuta zambarau.