Pointi Moja ya Landri: Kutoka Tabora hadi Rosettenville

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kusahihisha kitu kisichokuwa na kosa.

Kila Jumamosi nasimulia kwa sauti, kwenye kundi la simu, historia ya timu moja ya kulipwa ya mpira wa Kanada, ule mpira wenye umbo la yai ambao watu huushika mikononi na kukimbia nao. Wenzangu wa Tabora wameshachoka kuniuliza kwa nini. Sababu ni ndogo. Timu hiyo ilianzishwa na mafundi wa reli katika mji uliojengwa kwa ajili ya reli, na baba yangu alistaafu kwenye karakana ya reli hapa kwetu. Kwa Kiswahili nimewaita Wanareli. Sikufundishwa mchezo huo na mtu. Nilijifunza peke yangu, kwa video na kamusi, kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu. Mtu aliyejifunza peke yake huwa na hofu ya kuumbuliwa. Kipindi cha dakika kumi nakirekodi mara sita, na neno likiniteleza naanza upya.

Nilipofika kwenye mechi ambayo Wanareli walirudi nayo kwenye hatua ya mtoano baada ya miaka mingi ya kufungwa, maandishi yalisema mpigaji wao alikosa miti ya goli mwishoni, kisha yakasema walishinda kwa pointi moja. Nikaona mwandishi amechanganya. Mtu aliyekosa anapataje pointi? Basi nikatangaza kwamba zilitoka sare, na nikatunga sentensi nzuri ya kueleza jinsi walivyofuzu kwa sare hiyo. Niliipenda sana ile sentensi.

Wiki chache baadaye nikapata ujumbe wa sauti kutoka Johannesburg. Sauti ya mama, yenye lafudhi ya Kirundi kwa mbali.

"Mwanangu Maganga, mimi ni Mama Landri. Huyo mpigaji uliyesema alikosa ni mtoto wangu. Alitoka hapa Rosettenville akiwa kijana, akaenda Kanada kwa shangazi yake. Alimwambia baba yake kwamba pointi yake ndiyo iliyowapitisha. Baba yake amekusikia wewe, amesema mtoto ni mwongo. Wiki ya tatu hii hapokei simu yake. Na mtoto amesema kama ni hivyo, Desemba haji."

Nilisoma sheria za mchezo. Mama alikuwa sahihi. Nikatoa masahihisho siku ileile, marefu, yenye ushahidi. Mama akajibu kwamba baba ameyasikia, na amesema mke wake amemwomba kijana wa watu aseme uongo kumfurahisha. "Njoo, mwanangu," akasema. "Umeyasema mbele ya watu, uyatoe mbele ya watu."

Rafiki zangu waliona ni kichaa kusafiri nchi nne kwa pointi moja. Mimi sikuwa nikilala.

Tabora niliondoka alfajiri na basi la Mbeya, chupa mbili za asali ya miombo zimefungwa kwenye sweta. Kwenye begi nilikuwa na karatasi nne za hotuba yangu ya kuomba radhi. Barabara ya Rungwa ni msitu na vumbi, na kila basi liliporuka mimi nilikuwa nikipanga upya aya ya pili. Tunduma afisa alinusa asali, akaniuliza naenda Afrika Kusini kufanya nini. Nikamwambia ukweli wote, tangu karakana ya reli. Aligonga muhuri kabla sijafika katikati.

Zambia ilipita na mahindi ya kuchoma na watu wapole. Harare nilibadilisha basi. Beitbridge, mpakani mwa Afrika Kusini, tulisubiri sana juani. Mama mmoja wa Kizimbabwe mwenye mabegi ya nguo aliniona nikisoma karatasi zangu kwa midomo, akadhani nasali, akanyamaza kwa heshima. Sikumsahihisha. Kujizuia huko kulinigharimu.

Park Station, Johannesburg, tulishuka asubuhi yenye baridi kavu. Mama Landri alikuwa ananisubiri, mfupi, amevaa koti juu ya kitenge, na pembeni yake jitu moja lenye suti ya rangi ya udongo.

"Huyu ni Papa Kasongo," akasema. "Mkongomani, wa Lubumbashi. Fundi cherehani. Yeye ndiye atakusemea."

"Atanisemea nini, mama?"

"Maneno yako. Kwetu Burundi mtu mwenye shauri hajisemei. Anakaa, anakunywa, msemaji wake anasema."

Nikatoa karatasi zangu. Papa Kasongo akazipokea, akazipima mkononi kama nyama, akanirudishia. "Kadogo, weye utanyamaza. Miye njo nitasema. Hii historia ya timu yako nimesikia, ni ya reli, ya theluji. Inatosha."

"Kuna mambo ya kuangalia, Papa. Uwanja wa kwanza uliungua kabla ya…"

"Uliungua. Sharp, sawa. Twende."

Newtown tulipitia kwanza, kwa sababu nilisema tutahitaji mpira wa umbo la yai wa kuonyeshea. Wa Kanada hatukuupata, lakini nchi hii imejaa mipira ya raga. Tulinunua mmoja uliochakaa kwa muuza vitu vya mitumba, na Papa Kasongo akauweka chini ya kwapa la suti yake akauacha hapo hadi jioni. Kwenye kila robot, yaani taa za barabarani, tuliyosimama, dereva wa teksi alimtania kwa Kizulu kuhusu mpira, naye alimjibu kwa Kifaransa. Wote wawili walionekana kuridhika.

Rosettenville, Jumapili baada ya ibada, tulifika kwa Baba Landri. Ni fundi wa makochi na shemasi wa kanisa lao, mwembamba, amenyooka. Nilimpa shikamoo yangu ya Tabora. Alinitazama kidogo, akajibu kwa Kirundi, "Amahoro," akanionyesha kiti. Wazee wanne wa kanisa walikuwa wamekaa tayari kwenye makochi yasiyokuwa na vitambaa bado. Tulipewa Fanta. Tukanywa hadi chupa zilipofika nusu.

Kisha Papa Kasongo akasimama.

"Wazee, nimeleta mtoto. Ametoka mbali, amebeba asali na aibu. Alisema kitu kibaya juu ya mtoto wa nyumba hii. Lakini kabla ya kumpiga, mjue anasimuliaga nini. Kule Kanada kulikuwa batu ba reli, kama baba zetu ba Lubumbashi. Mchana banatengeneza mabehewa, jioni banapigana juu ya mpira. Njo timu ikazaliwa. Ikashinda, ikashinda, halafu ikaanza kufungwa miaka na miaka, mpaka matajiri bakaikimbia. Nani aliiokoa? Batu ba mji. Bamama bakapika, bababa bakapaka rangi viti vya uwanja, basichana bakauza tiketi mlango kwa mlango kama harusi. Halafu uwanja ukaungua…"

Nilishika kiti. Uwanja uliungua kabla ya matajiri kukimbia, si baada. Ndiyo iliyokuwa sababu ya wao kukimbia. Nilifumba midomo hadi meno yakauma.

"Si hivyo," ikasema sauti. Haikuwa yangu. Ilikuwa ya Baba Landri. "Uwanja uliungua kwanza. Kipindi cha tisa. Wakacheza msimu mzima kwenye uwanja wa maonyesho ya ng'ombe. Hapo ndipo matajiri walipoondoka."

Papa Kasongo akageuka taratibu. "Shemasi, unasikilizaga?"

"Kila Jumamosi, nikishona. Tangu cha kwanza." Akanitazama. "Huyu kijana hakosei. Alisema jina la kocha wa zamani vibaya, wiki iliyofuata akamwomba radhi kocha huyo, ingawa alishakufa. Mtu wa namna hiyo akiniambia mechi ilitoka sare, na mwanangu akaniambia yeye ndiye aliyeshinda kwa kukosa, nimwamini nani?"

Nilikuwa nimebeba hotuba ya kurasa nne kuhusu uzembe wangu, kumbe ni umakini wangu uliomuumiza Landri. Nikasahau utaratibu wa msemaji.

"Mwamini yeye, baba. Mimi sikuelewa, nikaona aibu kusema sijaelewa. Ile sare niliitunga."

"Kadogo," akasema Papa Kasongo chinichini, "umeniharibia mwisho. Nilikuwa na mwisho mzuri."

Mzee mmoja akacheka kwenye chupa yake. Baba Landri hakucheka. "Sawa. Umekiri. Lakini bado hujaniambia aliyekosa anapataje pointi. Sitaki kuamini kwa huruma."

Tukatoka nje: nyuma ya kanisa lao, linalopakana na nyumba hiyo, kuna kipande cha nyasi kilichokauka. Nikapanga viti viwili vya plastiki kuwa miti. Nyuma ya viti nikaweka mstari wa viatu vya wazee: kutoka hapo hadi ukutani ndilo eneo la mwisho. Mbele ya viatu, uwanja wenyewe. Nilimwomba Baba Landri asimame ndani ya eneo hilo, kama mpinzani.

"Papa Kasongo atapiga mpira kati ya viti. Akipata, pointi tatu. Akikosa na mpira ukaingia huku ulipo, ni wako. Udake, ukimbie nao uvuke viatu. Ukivuka, hapati kitu."

"Na nisipovuka?"

"Wazee watakukamata."

"Hawa?" akauliza Baba Landri, akawatazama wazee wanne bila viatu. "Mmoja ana goti bovu, mmoja ana sukari."

"Njoo uone goti," akasema mwenye goti.

Papa Kasongo alivua koti, akalikunja vizuri, akampa Mama Landri. Alipiga mpira vibaya kuliko nilivyowahi kuona mtu akipiga kitu. Ulipita mbali na viti, ukadunda ukutani, ukamrudia Baba Landri kifuani. Wanawake walikuwa wametoka jikoni kutazama.

"Kimbia, Baba Landri," mke wake akaita.

Akakimbia. Shemasi mwembamba, tai ikiruka begani, alikwenda kushoto, akageuka kulia, akamponyoka mwenye sukari, akawa amebakiza kama hatua mbili kufikia viatu vya kwanza. Mwenye goti hakukimbia kabisa. Alimsubiri pale pale kwenye viatu, akamkumbatia kiunoni, wakaanguka wote wawili kwenye nyasi kavu.

Baba Landri alibaki amelala chali, mpira kifuani, akihema.

"Pointi moja," nikasema.

"Ya nani?"

"Ya Papa Kasongo."

"Amekosa yule. Amekosa vibaya."

"Ndiyo, baba. Alikosa miti, lakini alikusukuma nyumbani kwako ukashindwa kutoka. Mechi ilikuwa sawa kwa sawa. Landri alikosa, mpinzani akadaka, akakamatwa ndani. Ikawa moja."

Baba Landri akaketi, mpira bado mkononi. Mke wake alikuwa amesimama juu yake, koti la suti mikononi, na sikuthubutu kutazama uso wake.

"Basi mtoto alinieleza," akasema hatimaye. "Alinieleza hivi hivi. Nikamkatia simu. Nipe simu."

Kule Kanada kulikuwa asubuhi. Landri alipokea mlio wa kwanza, simu ikiwa kwenye spika, na kwa sauti aliyoitumia nilijua alidhani kuna msiba.

"Baba? Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimekimbia, wamenikamata kwenye viatu."

"Viatu gani, baba?"

"Nimetoa pointi kwa Mkongomani. Landri, ulisema kweli. Mimi ndiye niliyekukosea. Unisamehe."

Hatukusikia jibu, kwa sababu Baba Landri aliiweka simu sikioni, akainuka na kwenda kusimama karibu na ukuta. Mama Landri aliketi kwenye mti mmoja wa goli, yaani kiti cha kushoto, akaanza kufungua na kufunga vifungo vya koti la Papa Kasongo. Wazee walikuwa wakitafuta viatu vyao. Kisha tukasikia shemasi akipandisha sauti, "Lakini miti ilikuwa karibu namna ile, kwa nini ulikosa?" na mama akacheka mpaka akafunika uso kwa lile koti.

Jioni tulikula ugali, maharage na samaki wadogo, na binti yao mdogo, anayesikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, aliniomba nimtumie vipindi vyote. Baba Landri alirudi mezani akasema Desemba mtoto anakuja, na kwamba yeye mwenyewe ameomba apigiwe mpira mwingine, safari hii bila mwenye goti. Papa Kasongo alidai kwamba ushindi wa siku ile ni wake na kwamba lazima uingie kwenye historia. Nilimwambia nitaangalia. "Eish," akasema, "kadogo bado anaangalia."

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu kama ya kwenda, ila nililala. Beitbridge nilimwonyesha kijana aliyekaa karibu nami video ya ile pointi ya Landri, aliyonitumia yeye mwenyewe, na alipouliza maswali mawili ambayo sikuwa na majibu yake, nilimwambia sijui. Nilipofika Tabora, baba yangu aliuliza habari za reli za huko. Nikamwambia sikuziona, nilipita barabarani.

Landri alifika Rosettenville Desemba na alikaa hadi baada ya mwaka mpya. Yeye na baba yake sasa wanaongea kila Jumapili. Mimi vipindi navirekodi mara moja, mara mbili zikizidi. Nikikuta jambo lisiloniingia akilini nalisoma lilivyoandikwa, nawaambia wasikilizaji kwamba sijalielewa, kisha naendelea.