Mikono Mfukoni

Mchana mmoja nilikuwa Nyakabanda kwa mzee anayenishonea nguo, nikisubiri koti langu, alipoingia kijana mmoja karani wa wizara kule Kacyiru. Alitusalimia kwa kidevu, mikono yote miwili imezama mfukoni.

Mzee aliacha kukanyaga cherehani. "Kijana, toa mikono. Mbele ya watu wazima hilo ni tusi."

"Hiyo ilikuwa zamani, mzee," kijana akacheka. "Siku hizi ndiyo ustaarabu. Hata patroni yetu iko anasimama hivi."

"Kwangu bado ni tusi."

Kijana hakutoa hata kidole. Mara gari likasimama mlangoni, akaingia patroni mwenyewe, mkurugenzi wake, amefuata suruali. Mikono mfukoni.

Lo! Ya kijana ilichomoka kama iliyoungua, akaikunja kifuani kama mtoto wa katekisimu. Na yule mzee, bingwa wa adabu, akainama mpaka kilemba cha heshima kikataka kumdondoka: "Karibu, mheshimiwa, karibu sana!" Mheshimiwa akajibu kwa kidevu. Suruali ilipokelewa na dereva, maana mikono ya mwenyewe ilikuwa na shughuli.

Gari lilipoondoka nikamuuliza mzee, "Huyu mbona hukumwambia atoe mikono?"

Akainamia cherehani, akakohoa kidogo.

"Huyu anasikia baridi."

Basi wanaotafuta tusi liligeuka lini kuwa ustaarabu wasihesabu miaka, watazame vyeo. Nilivaa koti langu nikatoka. Nje, jua lilikuwa linachoma utosi.