Vikombe vya Phelis

Kepher Ogola alitengeneza makabati sokoni Kipkelion miaka kumi na saba. Watu walimwita Fundi, wakasahau kama ana jina lingine, wakasahau hata kwamba alitoka ziwani, kwa Wajaluo.

Kazi alifunzwa misheni. Mwalimu wake aliwaambia kwamba neno la Kiingereza lililotupa kabati limeundwa kwa maneno mawili, kikombe na ubao. Hapo kale kabati halikuwa na milango. Lilikuwa ubao tu, mwenye nyumba akapanga vikombe vyake juu yake, mgeni akiingia ajue kwamba atanyweshwa. Milango ilikuja baadaye, jina likabaki. Kepher aliipenda habari hiyo. Kila kabati aliliachia rafu ya juu wazi, mteja apende asipende.

Rafu ya nyumbani kwake ilikuwa tupu siku zote. Mkewe, Phelis, alikuwa na vikombe arobaini vyenye mstari wa buluu, na havikukaa. Harusi kwa akina Kiptum, vikombe vya Phelis. Vijana wakitoka jandoni, matanga, harambee ya kanisa, vikombe vya Phelis. Vilipita mlango hadi mlango, na hakuna aliyeviulizia.

Mwaka wa tisini na mbili, wiki moja ya mwezi wa tatu, vikaanza kurudi. Jumatatu vikombe sita. Jumanne kumi na kimoja, vimeoshwa, vimefungwa kwa gazeti. Waliovileta hawakuketi. Kufikia Alhamisi rafu ilikuwa karibu kujaa.

"Baba Monicah, tazama!" Phelis alisema. "Leo hata sisi tunafanana na watu."

Kepher alitazama, kisha akageukia dirisha. Tangu Jumapili moshi ulionekana upande wa milimani, na si wa kuchoma makaa. Mtu harudishi cha jirani anayetarajia kumwona kesho.

Alasiri hiyo Chepchirchir, ambaye ua wake ulipakana na wao, alileta vinne vya mwisho.

"Kaa, Mama Bethwel. Chai iko moto."

"Hapana. Nimeacha ng'ombe."

"Ng'ombe gani anakamuliwa saa nane? Ama siku hizi chai yangu ina chumvi?"

Chepchirchir alicheka, kicheko kikakatika njiani.

Kepher aliweka randa chini. "Shemeji, nani amewaambia mrudishe?"

"Hakuna mtu amesema." Aliangalia mlangoni. "Lakini mimi sitaki kubaki na kitu yenu, Fundi. Nitakuwa naiangalia namna gani baadaye?"

"Baada ya nini?" Phelis aliuliza.

Chepchirchir alivipanga vile vinne rafuni.

"Kesho watoto wasiende shule," Chepchirchir alisema. "Na msingoje kesho. Barabarani hapana. Mpite huku chini, kwa mto."

"Nimezalia hapa watoto wanne! Niende wapi?"

"Mama Monicah," Kepher alisema polepole, "vaa viatu."

Waliteremka jua likiwa bado juu. Kepher alibeba msumeno na randa ndani ya gunia. Chepchirchir alitangulia, Loice, kitinda mimba wa Phelis, amefungwa mgongoni mwake kwa leso kama mwanawe, na kila waliyekutana naye alimsalimu kwa Kikipsigis, lugha ya wenyeji, kwa sauti kubwa ya mtu asiye na wasiwasi. Mkono wake haukuuachilia mguu wa mtoto. Wanaume watatu wenye pinde walimwitikia, wakawatazama waliomfuata mmoja mmoja, wakawaacha wapite.

Kwenye daraja alifungua leso, akampa Phelis mtoto, akageuka kupanda kilima bila kuaga.