Shangazi Aliyemchezea Rais

Shangazi Konsolata alipopiga simu kutoka Gisenyi, Rwanda, hakuomba dawa wala nauli. Alisema tu, "Ambia yaya akuye anione. Miguu imekufa, lakini moyo iko." Yaya, kwa Kiswahili chao cha Kongo, ni kaka mkubwa, yaani baba yangu. Hawakuwa wameonana tangu mimi nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na kilichowatenganisha kilikuwa rais.

Si rais wetu wa huku Tanzania. Ni yule wa zamani wa Kongo, walikozaliwa wote wawili, milimani Masisi. Enzi zake watu wenye asili ya Rwanda kama sisi walipewa uraia, kisha sheria ikageuzwa, wakavuliwa. Baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, akaambiwa yeye ni mgeni. Alinibeba mpaka huku Ngara akaanza upya kwa kulima migomba. Dada yake alibaki kule akicheza katika vikundi vya kumsifu rais yuleyule. Baba hakumsamehe.

"Nitakwenda," aliniambia jioni ile. "Ila asinitajie mtu yule."

Tulivuka mpaka wa Rusumo asubuhi, tukalala Kigali, na kesho yake tukapanda basi la kaskazini. Baba alikaa dirishani. Baada ya Musanze viazi vilikuwa vimechanua maua meupe hadi miguuni mwa volkano, na baridi ikaingia. Nilimfunga vifungo vya koti. Tulipopita kanisa kuu la Nyundo alivua kofia, akaishika magotini, hakuivaa tena mpaka tuliposhuka.

Gisenyi. Shangazi, aliyevuka baadaye kutoka Kongo, anakaa kwenye nyumba ndogo ya mawe meusi, na kutoka uani kwake unaona mabati ya Goma, ng'ambo ya mpaka. Tulimkuta kwenye kiti cha magurudumu, kanga imefunika miguu. Nilitarajia kilio. Badala yake alimkazia macho baba, akasema:

"Yoo! Yaya, umekuwa muzee mubaya hivi?"

Baba akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka hivyo.

Tulikula ugali na sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu. Wangeweza kuongea Kinyarwanda, lakini kwa ajili yangu waliongea Kiswahili, kila mmoja na chake. Mambo yalikwenda vizuri mpaka shangazi alipoomba nimletee kitambaa kilichokuwa chini ya mto wake. Kilikuwa kitenge kilichofifia, chenye picha ya rais yule katikati.

Baba akasukuma sahani. "Konso, bado unalala na mtu huyu?"

"Nilimubebea mutoto yako mu hii kitenge."

"Ungeweza kumbebea kwenye gunia. Alitunyang'anya nchi, nawe ukamchezea!"

"Bon, sawa. Sasa mi nikuulize." Shangazi hakupandisha sauti. "Mama ya huyu alikufa siku alimuzaa. We ulikuwa unalia tu, hukuona kitu. Ile maziwa ya kopo ilikuwa inatoka wapi? Ulifikiri inaanguka na mvua?"

Baba akakiangalia kile kitenge.

"Wale wenye kucheza muzuri, chefu, mukubwa wa kikundi, alikuwa anatupatia maziwa. Donc, ndiyo maana nilichezaka. Nilicheza mupaka magoti inavimba, juu ya mutoto apate kula. Na nisikudanganye, yaya, siku rais alipitaka Goma akanipa mukono, nilifurahi. Wakati alikufa, nililia. Na wakati alitufukuza, nililia pia. Yote ni mimi."

Sikujua nitazame wapi. Mtoto mwenyewe ndiye mimi, na sasa nimeshaanza kuota mvi.

Baba akasema, "Nami niliwaimbisha watoto wa shule wimbo wa kumsifu kila asubuhi, kabla ya hesabu. Mkaguzi akija, nilikuwa wa kwanza kupaza sauti." Akamshika dada yake mkono. "Yeye simsamehe, Konso. Lakini wewe ungeniambia."

"Ungesikia?"

"Nisingesikia."

Tulikaa wiki nzima. Kila asubuhi baba alimsukuma dada yake hadi uani kupata jua, na mara mbili walibishana kuhusu rais mpaka jirani akachungulia. Hakuna aliyeshinda. Siku ya kuondoka walikumbatiana, na ndani ya basi baba alilia mpaka Musanze. Nilimwacha alie.

Nilikwenda nikidhani mtu akimpenda mtawala aliyemdhulumu ndugu yake, amemsaliti ndugu. Nimerudi nikijua kwamba mikono ileile iliyompigia makofi mkubwa inaweza kuwa ndiyo iliyokulisha.

Juzi redio ilimtaja rais yule. Zamani baba angeizima. Jirani yetu akamuuliza, "Mzee, wewe uliishi nchini mwake. Alikuwa mtu mwema au mbaya?"

Baba akamvutia kigoda. "Kaa kwanza," alisema. "Nina dada anaitwa Konsolata."