Wivu Wangu Ulivyoingia Kwenye Ajenda

Haya, leo niwaambie tu, maana aibu yenyewe imeshazeeka na waliokuwepo wametawanyika. Mpaka leo nikipewa karatasi ya ajenda ya mkutano wowote, hata wa harusi, naisoma kuanzia chini kwenda juu, na watu hudhani macho yangu yana kasoro.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, Ngara imejaa watu na magari ya misaada, na mimi kijana wa Bukiriro niliyejua kupiga chapa nikapata kazi kwenye shirika moja, ofisi yenye kompyuta moja tu, na kompyuta hiyo ilikuwa yangu (yaani ya shirika, lakini mwenye kuigusa ni mimi). Pale ofisini alikuwepo Generoza, msichana wa Murukulazo, kazi yake kuzunguka kambini kusikiliza shida za akina mama. Nilimpenda. Sikuwa nimemwambia, nilikuwa bado najipanga, na nilijipanga masika yote. Ndipo akaja Evariste, mkimbizi kutoka Burundi, mkalimani wetu, mrefu, mpole, suruali imemwishia juu ya vifundo, na kila saa ya chai yeye na Generoza wanakwenda kusimama nyuma ya bohari wananong'ona. Jamani, wivu unauma. Chai ilikuwa hainishuki.

Basi asubuhi moja nilikuwa naandika ajenda ya mkutano wa wenyeviti wa vijiji na viongozi wa wakimbizi, mambo ya kuni na maji. Ajenda ya kwanza mpaka ya nne zimekaa vizuri. Nafika ya tano, Mengineyo, naandika, kwenye skrini hakuna kitu. Kile kimstari kinachopepesa kinasogea, lakini herufi hazionekani. Evariste alikuwa amesimama mlangoni, akasema kwa sauti yake ile ya upole, "Kaka Deus, kwetu nilikuwa natumia mashine kama hiyo. Nikuangalizie?"

Nikamjibu, "Hii ina mwenyewe." Ningemwachia, yasingenikuta yaliyonikuta, lakini nimpe na kompyuta pia?

Nikaanza kuutafuta ugonjwa mwenyewe. Nikachomoa waya wa skrini nikauchomeka, nikaipiga kofi ubavuni, nikaizima skrini nikaiwasha, bado. Nikasema niandike maneno mengi, labda mojawapo litajitokeza (akili gani hiyo, msiniulize). Sasa mtu akiandika maneno yoyote tu, yanayotoka ni yale yaliyo moyoni, na dirishani nawaona wale wawili wanaelekea bohari. Nikaandika kwa nguvu zote za vidole, nikiamini mashine haipokei na maneno yanapotelea hewani, na roho ikatulia kidogo.

Muda ukaisha. Siku zile tulikuwa tunatoa utepe wa wino kwenye printa, tunapitisha karatasi ya stensili, printa inaichoma matundu ya herufi, kisha stensili inakwenda kwenye mashine ya kudurufu kutoa nakala. Stensili isiyo na wino kuisoma ni kazi, nami sikujisumbua. Mengineyo nikaona mwenyekiti atayatangaza mwenyewe. Dereva akaichukua, akadurufu parokiani, nakala zikaenda moja kwa moja mkutanoni.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Bugingo wa kwetu Bukiriro, aliyenijua tangu nanyonya. Kuni zikaisha, maji yakaisha, akarekebisha miwani, akasema, "Sasa Mengineyo," akasoma kwa sauti ya mkutano: "Generoza anamfuatia nini Evariste? Mimi nina baiskeli, yeye ana nini? Evariste ahamishiwe Biharamulo."

Yalikuwa yametoka kwa herufi nene, nyeusi kuliko ajenda zote.

Laiti wangecheka. Hawakucheka, kwa sababu wazee wale kilichoandikwa kwenye ajenda walikijadili. Mzee mmoja akanyoosha mkono, "Mwenyekiti, Biharamulo ni mbali, nauli atatoa nani?" Mwingine akataka kujua kwanza kosa la kijana ni lipi. Wa tatu akauliza baiskeli inahusikaje na kuni. Mimi katibu, peni mkononi, natakiwa niandike yote hayo.

"Katibu," Mzee Bugingo akaniambia, "ajenda hii ameileta nani?"

 Mwenye baiskeli pale ofisini alikuwa mmoja tu, na baiskeli yenyewe nilikuwa nimeiegemeza nyuma yangu.

Evariste, aliyekuwa pale kutafsiri, ndiye aliyesimama. "Wazee wangu, shikamooni. Jambo linanihusu, nitajibu. Mke wangu tulipotezana tukivuka mto. Dada Generoza anaingia kambi zote, kwa hiyo kila siku namuuliza kama amesikia habari zake, na kila siku ananiambia bado. Mkinipeleka Biharamulo nitakwenda. Ila naomba nibaki karibu na kambi kidogo."

 Kisha Mzee Bugingo akamuuliza jina la mkewe, na wenyeviti wakasogea wakimzunguka, kila mmoja anaahidi kuulizia kijijini kwake. Generoza, naye alikuwepo na alisikia yote, akapita karibu yangu kumpelekea maji, akasema polepole, mimi tu nisikie, "Masika yote nangoja useme na mimi, Deus. Umekwenda kusema na kompyuta."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilikaa pale na peni yangu nikamwonea wivu Evariste vilevile, maana hata wa kunicheka hakupatikana, wote walikuwa kwake.

Ugonjwa wa skrini niliupata jioni hiyohiyo. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimebadilisha rangi ili Generoza akipita apendezwe, skrini nikaiweka buluu, na herufi nene nazo buluu, na kwenye Mengineyo kidole kiligusa kitufe cha herufi nene bila mimi kujua.

Generoza hakunipa tena zaidi ya salamu. Tangu hapo nimejiapiza, lililo moyoni nalipeleka kwa mwenyewe, kwa mdomo, mchana kweupe. Huyu niliyemuoa nilimwambia siku ileile tuliyokutana, akasema nina haraka mno, nikamjibu hajui nilikotoka.